Mpiga Simu Asiyetoa Habari Zake

Mwaka niliorudi Lodwar sikuweza kukaa kitako. Nilikuwa nimetoka Uarabuni na masanduku mawili, kompyuta ya mkononi na diploma ya usalama wa mitandao niliyoisomea jioni, baada ya kazi, kwa pesa yangu mwenyewe. Mchana nilikuwa mlinzi katika jengo la maduka, kazi yangu kutazama skrini ukutani na kuona nani ameingia na nani hajatoka. Wenzangu wakitoka kazini walilala au walicheza karata. Mimi nilipanda basi kwenda darasani. Sikusaidiwa na mjomba, mbunge wala kanisa. Nasema hivyo bila haya, kwa sababu hapa kwetu mtu akifanikiwa hutafutiwa aliyemsukuma.

Nilifungua duka la kutengeneza kompyuta Lodwar, nikaitundika diploma ukutani ndani ya kioo. Kila asubuhi niliifuta vumbi na kila adhuhuri upepo ulikuwa umeirudishia. Watu walikuja kuitazama. Wengine waliingia na simu zilizokufa, wengine waliingia tu. Nilikuwa nikiwaambia kwamba vita vya siku hizi havianzi na risasi, vinaanza na taarifa. Mwaka huo huo tovuti za serikali zilikuwa zimevamiwa na mtu aliyeketi nchi ya mbali, nasi tulikuwa na wanajeshi wetu ng'ambo ya mpaka. Niliwaambia adui anaweza kuingia nchini kwa kupitia waya.

"Basi huku tuko salama," alinijibu muuza samaki mmoja. "Waya wenyewe haujafika."

Walicheka. Nami nilicheka, lakini sikutulia. Mji ulikuwa umeanza kujaa wageni. Mafuta yalikuwa yamepatikana, uchaguzi ulikuwa unakuja na serikali ya kaunti baada yake, vyumba vya wageni havipatikani, na katika maofisi kompyuta mpya zilikuwa zimekaa mezani zingali na nailoni zake. Nilipita mbele ya maofisi hayo nikihisi kama mtu anayeona mlango wa jirani umeachwa wazi na mwenyewe amesafiri.

Mwanzoni mwa 2013 nikaitwa na ofisi mojawapo ya usalama. Mkubwa wake alikuwa mtu aliyetoka Kenya, kama tunavyosema sisi Waturkana tunapomaanisha kusini, kule kwenye mahindi na baridi. Alikaa chini ya feni na kitambaa cha maji shingoni, akinywa chai yenye maziwa mengi. Aliniita injinia. Sikumsahihisha.

"Injinia, kuna mtu amelala ndani ya mashine zetu," aliniambia. "Tunapanga doria, adui anajua. Askari wa akiba wakiwa mashariki, ng'ombe wanachukuliwa magharibi. Mara ya kwanza nikasema ni bahati mbaya. Mara ya pili watu wameuawa kisimani. Hiyo si bahati."

Kwa asiyejua, askari wa akiba ni wafugaji wa kawaida wanaopewa bunduki na serikali walinde mifugo mahali ambapo polisi hawafiki. Mdogo wangu alikuwa mmoja wao. Alichunga na kulinda magharibi ya Kakuma, kule nyuma ya Kalobeyei ambako milima inaanza kuelekea mpakani.

"Utaziangalia mashine," mkubwa akaendelea. "Lakini nikwambie ukweli kama mwanamume kwa mwanamume. Hapa watu wanasema anayeuza habari ni mdogo wako. Mara zote mbili yeye ndiye alikuwa kiongozi wa kikundi. Bunduki yake nimeshaichukua, iko stoo Kakuma."

Nikamwuliza: "Nikipata mdudu kwenye mashine?"

"Bunduki inarudi."

"Nisipopata?"

Alikunywa chai. "Basi mdudu ni yeye."

Nilizifungua kompyuta zile moja baada ya nyingine nikiwa nimesimama, kwa sababu kiti kilikuwa kinanichoma. Makosa niliyoyakuta yangemtoa machozi mwalimu wangu. Neno la siri lilikuwa jina la ofisi yenyewe, na kwa wanaosahau lilikuwa limeandikwa kwa kalamu ya wino pembeni mwa skrini. Flashi moja ilitembea ofisi zote kama kijiko cha chumvi, na kila ilikopita iliacha virusi. Nilisafisha, nikabadilisha, nikafunga. Karani alinitazama vidole akasema hajawahi kuona mtu anachapa bila kuangalia chini. Nilimwambia hata Uarabuni walikuwa wakisema hivyo, na ni kweli.

Lakini mdudu niliyemtaka hakuwemo. Virusi vile vilikuwa vya kuharibu picha na kuficha mafaili, si vya kubeba habari. Tena mashine iliyoandikiwa ripoti za doria haikuwa imeunganishwa na mtandao hata kidogo. Kila asubuhi mkubwa alipiga simu kwa watu wa mlimani, akaandika walikolala na wanakohamia, karani akachapa, karatasi ikaingia kwenye faili, faili likafungiwa kabatini. Hakuna anayeweza kuiba kwa waya kutoka mashine isiyo na waya.

Nilikaa kwenye ngazi za ofisi ile nikajua nilichokuwa nimekipata. Kadiri mashine zilivyokuwa safi, ndivyo mdogo wangu alivyokuwa mchafu. Nilimwambia mkubwa kwamba uchunguzi bado unaendelea, nikatafuta gari la kwenda Kakuma siku hiyo hiyo.

Barabara ya Kakuma wakati ule ilikuwa lami iliyobaki vipande vipande, na madereva waliona heri kupita kando yake mchangani. Nilikaa mbele kwenye pikapu, mguu wangu ukipigapiga sakafu mpaka dereva akaniuliza kama nina breki ya pili huko chini.

Mama yangu alikuwa na kibanda cha kuchaji simu upande wa mji, si kambini, ingawa wateja walitoka pande zote mbili. Sola mbili juu ya bati, betri za lori chini ya meza, na juu ya meza simu za kila aina zikiwa zimelala na plasta mgongoni yenye alama ya mwenyewe. Mimi ndiye niliyempelekea sola hizo, na mimi ndiye niliyefunga nyaya. Hazijawahi kuungua. Mama hakujua kusoma, lakini alizijua simu zile kama anavyojua mbuzi wake: hii ya Msomali wa duka la nguo, hii ya mwalimu, hii ya kinyozi Mkongomani wa kibanda cha pili.

"Mwanangu wa ndege," aliniita kwa Kiturkana, maana kwake tuliongea Kiturkana siku zote. "Umekonda. Lodwar hakuna mbuzi?"

Nilimwuliza mdogo wangu yuko wapi. Akasema anakuja kuchukua simu, ameshatuma salamu.

Hapo lazima nieleze habari ya simu hiyo. Mwaka 2012 ulipokaribia kwisha, serikali ilizima simu feki nchi nzima. Ilikuwa hatua nzuri kwa usalama, hata mimi niliisifu. Lakini kule milimani karibu kila simu ilikuwa feki. Kikundi kizima cha askari wa akiba kilibaki na simu moja inayofanya kazi, nayo ni ile niliyomletea mdogo wangu kutoka ng'ambo, simu ya kweli yenye tochi. Basi ikawa simu ya wote. Na kwa kuwa mlimani hakuna umeme, ilishuka na yeyote anayekuja sokoni, ikachajiwa kwa mama, ikapanda na yeyote anayerudi. Siku nyingi ilikuwa mezani kwa mama kuliko ilivyokuwa mfukoni mwa askari.

Nilikuwa nimeishika nikiangalia kioo chake kilivyokwaruzwa, ikalia mkononi mwangu. Mama akaninyang'anya kabla sijasoma namba.

"Ejok," akasalimu. "Ejok-nooi. Hayupo, mwanangu, simu iko kwangu inakula. Eeh. Wako kwenye kisima cha mlima mwekundu, lakini majani yamekwisha kabisa. Kesho wataanza kuhama, wapitie lile pengo la mawe mawili wateremke upande wa pili. Bunduki? Zimepungua, moja imechukuliwa na serikali. Eeh, ndiyo. Miguu yangu afadhali. Haya, mwanangu. Haya."

Akairudisha simu kwenye chaja na kuanza kupanga nyaya, kama mtu aliyemaliza kumwagia maji mche.

"Mama," nikasema. "Ulikuwa unaongea na nani?"

"Na mtu."

"Mtu gani?"

"Mtu aliyesalimu."

"Unamjua?"

"Ananiita mama. Ananiuliza miguu. Wewe ulipokuwa kwa Waarabu uliniuliza miguu mara ngapi?"

"Mama, hata muuza kredi anakuita mama! Huyu anapiga tangu lini?"

"Tangu simu ianze kulala hapa. Anataka majani ya mifugo yake, maskini. Anaongea polepole, kama mtu aliyejifunzia lugha yetu sokoni."

Kinyozi Mkongomani alitoa kichwa nje, wembe mkononi. "Kaka, usisumbuke. Mama yako iko anajua habari ya watu yote. Sisi hatununuake gazeti."

Nilishika nguzo ya kibanda. Sikuwa na shaka tena. Nilikuwa nimechambua kila mashine Lodwar nikitafuta mlango uliovunjwa, kumbe hakuna mlango uliovunjwa. Mtu alibisha, akafunguliwa, akapewa maji.

Na msidhani mama yangu alikuwa mjinga. Kwetu mtu akikusalimu njiani, unampa habari: mvua imenyesha wapi, kisima kipi kimekauka, mifugo iko wapi na inaelekea wapi. Humnyimi, kwa sababu kesho wewe ndiye utakuwa njiani na ng'ombe wenye kiu. Kwa watu wa mama yangu simu inayolia ni mgeni aliyesimama nje ya boma la miiba. Hawezi kuachwa amesimama. Na kama mwenye simu hayupo, aliye karibu ndiye mwenyeji.

Mdogo wangu alifika jua likiwa limeanza kulegea. Nilimwona kwa mbali, mrefu, kigoda kidogo mkononi na fimbo begani mahali ambapo bunduki ilizoea kukaa.

"Mwarabu!" aliita. "Umekuja kunikamata?"

"Nimekuja kukuokoa, nugu wewe."

"Ulete basi na ngamia."

Tulipokaa nilimwuliza kuhusu kuhama. Alijibu kama mtu anayesimulia ya mwingine. Wazee wa malisho walikuwa wamekubaliana kwamba kesho ng'ombe wakipita pengo la mawe mawili, yeye atembee mbele ya wote, peke yake, bila bunduki. Kama ameuza habari, na wezi wako pengoni, basi wa kwanza kupigwa awe muuzaji.

"Na ulikubali?"

"Ningekataaje? Nikikataa ndiyo nimekiri."

Nikamwambia nilichokisikia. Nilitaka kukisema polepole lakini kilitoka chote mara moja, mbele ya mama. Mdogo wangu alimtazama mama, halafu akatazama chini. Mama aliacha nyaya. Akachukua kitambaa akaanza kufuta simu za watu, moja moja, mbele na nyuma, hata zilizokuwa safi.

"Nimewaambia mimi," akasema mwishowe. "Wale wa kisimani pia?"

Hakungoja jibu, akaendelea kufuta. Alijua.

Mimi sikuweza kukaa. Nilizunguka kibanda, nikarudi, nikazunguka tena. Nilikuwa na dawa tayari, nilijifunza darasani: adui akisikiliza, mlishe uongo. "Atapiga tena," nikasema. "Akipiga, mama atamwambia wanapitia kaskazini. Atapeleka watu wake kaskazini. Kwisha."

"Sidanganyi mtu kuhusu maji," mama akasema.

"Si maji, mama, ni njia!"

"Njia inakwenda wapi kama si kwenye maji?"

Nilimgeukia mdogo wangu anisaidie, naye akatikisa kichwa. "Simu hii wanapiga wengi, Mwarabu. Wengine ni watu wetu kweli. Neno likitoka kwa mama linatembea. Mtu akipeleka ng'ombe kaskazini kwa neno hilo, huko hakuna tone, watakufa wote. Na watoto."

"Basi azime simu!"

"Tukishambuliwa nani atampigia nani?" mama akauliza. "Kuna simu gani nyingine huko juu?"

Walikuwa wananichosha, na jua lilikuwa linakwenda. Nikajilazimisha kufikiri kama nilivyofundishwa. Katika mitandao hatumwamini mtu kwa sababu amefika mlangoni na anajua kusalimu. Kila upande lazima ujithibitishe kwa mwingine. Seva inamuuliza mteja, mteja anaiuliza seva. Nilikuwa nimepata alama za juu kabisa kwenye somo hilo, mwalimu alinisimamisha darasa likanipigia makofi. Nikasimama mbele ya mama.

"Na yeye? Amewahi kukupa habari gani?"

"Nani?"

"Huyo wa miguu. Wewe unampa zako. Yeye amekupa zipi? Ng'ombe wake wanakunywa wapi? Amepita wapi? Kwao mvua ilinyesha?"

Nilimwona mama akipekua kichwani, simu baada ya simu, tangu ya kwanza. Uso wake ulibadilika taratibu, nami nilimjua mama yangu, hiyo haikuwa aibu tena. Ilikuwa hasira.

"Hata moja," akasema. "Muda wote huu anachukua tu. Hata moja hajanipa!"

"Huyo si mtu," mdogo wangu akasema. "Kila mtu ana habari."

Simu haikulia mara moja. Ililia tulipokuwa tumeanza kukunja turubai, na mama aliyekuwa akilalamika magoti alifika mezani kabla yetu. Niliweka sauti ya juu. Nilisikia upepo, na mwanamume akimsalimu kwa upole. Alitaka kuhakikisha tu: kesho ni asubuhi au jioni?

"Ejok," mama akasema. "Leo habari zangu zimekwisha. Toa zako."

"Zangu nzuri, mama."

"Nzuri si habari. Ng'ombe wako wanakunywa wapi?"

Akacheka kidogo. "Huku huku tu, mama."

"Huku kuna jina. Kisima gani? Nani uliyemkuta hapo? Majani yalifika wapi, kwenye goti au kifundoni? Ulipita kwa nani ukapewa maziwa?"

Upepo tu. Nikasikia, kwa mbali upande ule, mtu wa pili akiuliza kitu kwa lugha ambayo sikuijua.

"Mama yako ni wa nani?" mama yangu akauliza, na sauti ilimpanda mpaka watu wa barabarani wakageuka. "Nimekulisha mdomoni! Mama yako ni wa nani?"

Simu ikakatika.

Mdogo wangu aliondoka jioni hiyo na pikipiki ya mfanyabiashara aliyekuwa akielekea Kalobeyei. Alisema njia itabadilika, watapita pengo la nyuma, refu na baya kwa kwato. Simu alimwachia mama. Alisema sasa kibanda kile kina askari.

"Lakini mbele nitatembea vilevile," aliniambia. "Wazee hawajui kompyuta yako. Wanajua bunduki yangu iko stoo."

Alfajiri nilikuwa barabarani kurudi Lodwar. Nilifika ofisini midomo imekauka kwa vumbi, nikamkuta mkubwa na chai yake. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama. Nilimweleza vizuri, nasema mwenyewe, bila kuruka kitu: simu moja, kibanda, salamu, mpigaji, na jinsi alivyokata alipoulizwa. Alinisikiliza akizungusha kikombe.

"Kwa hivyo," akasema, "mdudu ni mama yako."

Hilo sikuwa nimelitarajia. Njia nzima nilikuwa nikimtoa mdogo wangu shimoni, sikuangalia ninamweka nani mahali pake. Nilimwona mama ndani ya gari la polisi, kitenge chake kimejaa vumbi, akiwasalimu wote waliomkamata na kuwapa habari.

"Mkubwa, mama yangu ni mwenyeji. Siyo…"

"Namba ya hiyo simu."

Nilisita. Akanyoosha mkono kwenye simu yake. "Namba, injinia. Niifunge hiyo laini leo leo."

Nikaitaja. Aliibonyeza taratibu, tarakimu moja moja. Kabla hajafika mwisho vidole vyake vilisimama. Niliinama kidogo nikaona, na sikuhitaji kuinama sana. Simu yake ilikuwa imeitambua namba ile na kuiletea jina alilolihifadhi mwenyewe: DORIA MLIMANI.

Feni ilizunguka. Karani aliacha kuchapa.

"Mimi hupiga hii kila asubuhi," mkubwa akasema, kama anayejiambia mwenyewe. "Kuna mama fulani hupokea. Hunipa ripoti nzuri kuliko askari wote. Nilidhani ni mke wa mmoja wao, yuko nao huko."

"Yuko Kakuma, mkubwa. Anachaji simu."

Alitazama kabati ambamo mafaili yake yalikuwa yamefungiwa kwa kufuli kubwa. Ripoti zote za doria za ofisi ile zilikuwa zimetoka mdomoni mwa mama yangu, na zilipopigwa muhuri wa siri, mama alikuwa ameshampa habari hizo na mtu mwingine asiyejulikana, kwa upole ule ule.

"Piga, mkubwa," nikasema. "Omba ripoti kama kawaida yako. Uone mlango ukoje leo."

Akapiga, akaweka simu mezani na sauti juu. Mama alipokea kabla haijalia mara ya pili. Na mkubwa aliongea naye Kiswahili, kile kidogo mama anachokijua.

"Hallo, mama. Leo vijana wako wapi?"

"Ejok. Wewe nani?"

"Ni mimi, mama. Wa ofisi. Kila siku napiga."

"Kila siku unapiga, kila siku unakula habari yangu. Leo toa ya kwako kwanza. Ng'ombe yako inakunywa wapi?"

Mkubwa alinitazama. Mimi nilitazama dirisha.

"Mama, mimi ni afisa wa serikali."

"Hata serikali iko na mama. Ng'ombe yako inakunywa wapi?"

Alijikuna shingo chini ya kile kitambaa. Halafu akaanza kusema, mwanzoni kwa maneno machache, kwamba ng'ombe wake ni wawili na wako kwao, wanakunywa mtoni, lakini mto umepungua. Mama akauliza nani anakamua. Akasema mama yake, kwa sababu mke wake anafundisha shule. Mama akauliza mvua. Akasema mvua ya mahindi ilichelewa na waliopanda mapema walipoteza mbegu. Mama akauliza huyo mama yake anaona vizuri. Akasema jicho moja limeanza kupata ukungu. Karani alikuwa amegeuza kiti. Nadhani alikuwa amefanya kazi na mtu yule muda mrefu bila kujua hata moja ya hayo.

"Haya," mama akasema. "Pole ya jicho. Sasa wewe najua. Mtoto yangu iko inatembea mbele ya ng'ombe na fimbo. Mahali gani, sitasema. Rudisha bunduki yake."

Akakata yeye.

Mkubwa hakunitazama. Akainuka akaenda kwenye redio ya upepo, akaita kituo cha Kakuma, akaagiza bunduki itolewe na ipelekwe Kalobeyei kwa gari, na mwenyewe atafutwe apewe mkononi mbele ya wazee. Akarudia maneno "mbele ya wazee" mara mbili. Ilipokuja kwangu, alisema tu, "Injinia, kesho uje ufundishe watu wangu kupokea simu."

Bunduki haikuwahi. Mdogo wangu alipita pengo la nyuma na fimbo yake, ng'ombe nyuma yake, na wanaume nyuma ya ng'ombe wakimtazama mgongo. Siku ile sikula. Nilitembea kutoka dukani hadi mtoni, kutoka mtoni hadi dukani, chini ya miti ya mikoma, nikiwa nimeshika simu kama mtu aliyeshika yai. Mama alipopiga, baada ya kijana mmoja kushuka kutoka mlimani, hakusalimu kwanza, akasema tu: "Wamekunywa." Wapi, hakusema. Nilikuwa nimemfundisha vizuri.

Baadaye vijana walipita kwenye pengo la mawe mawili. Walikuta majani yamelaliwa, mifupa ya mbuzi aliyechomwa, na nyayo nyingi za viatu vya matairi zikitoka nyuma ya mawe. Wazee walipoyasikia hayo hawakuomba radhi, kwetu jambo hilo halifanywi kwa maneno. Walimpa mdogo wangu kipande cha mguu wa nyuma, sehemu ya heshima, walipochinja tena, akakaa katikati yao na bunduki yake magotini.

Mimi nilifundisha ofisi ile, na nyingine zilizonisikia zikaniita. Nilivaa tai. Nilianza kila somo na mama yangu, sikutaja ni mama yangu, na kila darasa lilicheka mpaka pale lilipoacha kucheka. Najua hakuna aliyefundisha somo hilo kaskazini yote kabla yangu.

Lakini sikutulia. Mkubwa alikuwa ameifuatilia namba ya yule mpigaji. Laini ilikuwa imesajiliwa, sawasawa na sheria, kwa kitambulisho cha bibi mmoja wa kijiji cha mbali ambaye hajawahi kushika simu. Kuna mtu aliyewahi kumwomba kitambulisho kwa muda na akakirudisha. Niliipiga namba ile asubuhi na jioni. Imezimwa. Niliendelea kuipiga hata mtandao uliponiambia haipo tena. Na kila mara nilipoweka simu chini nilifikiri juu ya vibanda vyote vya kuchaji, kutoka Lokichoggio hadi Kapedo, na laini mpya mkononi mwa mtu mpole, na mama fulani anayefuta mikono kwenye kitenge ili apokee.